Hapana ya Juni: Denmark, Maastricht na swali lililoulizwa mara mbili

Februari 1986 Waziri Mkuu wa Denmark, Poul Schlüter, alikuwa na kazi ya kuwatoa watu wasiwasi. Kura ya maoni ilikuwa imekaribia, kuhusu marekebisho ya mikataba ya Jumuiya ya Ulaya yaliyofungua njia ya soko moja. Wapinzani walikuwa wakisema hiyo ni ngazi ya kwanza tu, na ngazi ya mwisho ni dola moja ya Ulaya. Schlüter akawajibu kwamba wakipiga Ndiyo siku ya Alhamisi, habari ya muungano itakuwa imekufa, imekuwa mfu kama jiwe. Tarehe 27 ya mwezi huo asilimia 56.2 wakasema Ndiyo, kila mtu akarudi kwake.

Miaka sita baadaye bwana yuleyule, bado Waziri Mkuu, alirudi kwa wananchi na mkataba mwingine. Ulikuwa umesainiwa tarehe 7 Februari 1992 katika mji wa Maastricht, Uholanzi, na jina lake rasmi lilikuwa Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Maiti ilikuwa imefufuka, tena imekuja na cheti cha kuzaliwa.

Wengi wanaosimulia kura ya Denmark ya 1992 huanzia kwenye bendera, utaifa na hofu ya wageni. Hayo yalikuwepo, sikatai. Lakini ukifuatilia mabishano ya mwaka ule na ya miaka thelathini iliyofuata, utaona ugomvi ulikuwa juu ya jambo jingine kabisa: nani anauliza, anauliza nini hasa, na akijibiwa asichokitaka atafanya nini. Wadenmark hawakuwa wakitaka kutoka Ulaya. Walikuwa wakitaka Ulaya isisogezwe hatua moja mbele bila wao kubisha hodi na kufunguliwa.

Kifungu cha 20

Watu wachache sana waliochambua kisa hiki wakiwa nje ya Denmark hujisumbua kusoma Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1953. Kifungu chake cha 20 kinasema mamlaka ya dola yanaweza kukabidhiwa kwa vyombo vya kimataifa, kwa kiwango kilichoainishwa na sheria, lakini sheria hiyo ipitishwe na wabunge tano kati ya kila sita. Bunge lao, Folketing, lina viti 179, kwa hiyo zinahitajika kura 150. Wingi wa kawaida ukipatikana lakini 150 zisifike, na serikali ikitaka kuendelea, muswada unakwenda kwa wananchi. Huko nako kuna sharti: ili muswada uanguke, wanaosema Hapana lazima wawe wengi kuliko wanaosema Ndiyo, na pia wafike asilimia 30 ya wote wenye haki ya kupiga kura. Yaani mwananchi mvivu anayebaki nyumbani hahesabiwi kuwa mpinzani.

Tarehe 12 Mei 1992 Folketing lilipiga kura: 130 walikubali, 25 walikataa. Katika bunge lolote la kwetu hiyo ingekuwa ushindi wa kishindo, na spika angeshapiga rungu mezani. Kwa Denmark haikutosha. Kwa upungufu wa kura 20, suala likatoka mikononi mwa wanasiasa.

Waliotunga kifungu kile walikuwa wametega saa. Mjadala wa mamlaka ya nchi mara nyingi huendeshwa kama mashairi, kila mmoja akitaja mababu na damu. Kule umewekwa kwenye hesabu: 150, ama twende kwa wenye nchi. Kwa hiyo kila mkataba mkubwa wa Ulaya unapoiva, Denmark huwa na uwezekano halisi wa kuukataa, wakati nchi nyingi jirani huumaliza bungeni mchana mmoja.

Nani alikuwa upande gani

Kwenye karatasi, Ndiyo ilikuwa imeshashinda. Chama cha Conservative cha Schlüter kiliunga mkono. Kadhalika Venstre, chama cha kiliberali cha Waziri wa Mambo ya Nje Uffe Ellemann-Jensen, mtu mwenye ulimi mwepesi ambaye tutamkuta tena mbele. Social Democrats, chama kikubwa kuliko vyote, ambacho mwaka 1986 kilikuwa upande wa Hapana, safari hii kilikuwa Ndiyo. Waajiri, viongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na magazeti karibu yote makubwa walikuwa huko huko.

Upande wa pili walisimama watu wasiokaa meza moja hata kwenye msiba. Chama cha Maendeleo cha mrengo wa kulia kilichokuwa kikipinga kodi na wahamiaji. Chama cha Kisoshalisti cha Wananchi, SF, cha mrengo wa kushoto, kilichoogopa Ulaya ya matajiri na majeshi. Chama kidogo cha Wakristo. Na nje ya bunge kulikuwa na Vuguvugu la Wananchi dhidi ya Jumuiya ya Ulaya, lililokuwapo tangu 1972, mwaka ambao Denmark ilikubali kujiunga kwa asilimia 63.4.

Muungano wa ajabu wa namna hii huwachanganya wachambuzi. Wanatafuta hoja moja inayowaunganisha, hawaioni, wanahitimisha kwamba Hapana haina maana. Mimi naona kinyume chake. Mtu wa kulia na wa kushoto wanapokuwa na sababu tofauti za kukataa jambo moja, kinachowaunganisha huwa ni kutomwamini anayewauliza.

Mkataba wenyewe haukusaidia. Nakala za bure zilisambazwa, watu wakazichukua, wakafungua, wakakuta maandishi ya aina hii: katika kifungu fulani, futa maneno haya, weka haya. Bila kuwa na Mkataba wa Roma wa 1957, ule ulioiunda Jumuiya, pembeni, usingejua kinachofutwa wala kinachowekwa. Kuna waliosema umma haukuelewa mkataba. Hakuna mtu angeuelewa kwa usomaji ule, na mwenye akili timamu akipewa karatasi asiyoielewa na kuambiwa atie sahihi, hufanya nini?

Hoja zilizobishaniwa zaidi zilikuwa nne hivi, na si zote zilikuwa na uzito sawa.

Ya uraia ilikuwa nyepesi kuliko zote, na ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi. Mkataba ulianzisha uraia wa Umoja, ulioruhusu mtu wa Lisbon anayeishi Copenhagen kupiga kura ya serikali za mitaa. Watu wakasikia kwamba uraia wa Denmark unafutwa. Kinachochekesha ni kwamba Denmark yenyewe ilikuwa imewaruhusu wageni wakaazi, watokao nchi yoyote ile, kupiga kura hiyo ya mitaa tangu 1981. Walikuwa wanaogopa kuibiwa kitu walichokwisha kukigawa bure.

Ya ulinzi ilikuwa nzito zaidi, maana mkataba ulizungumzia sera ya pamoja ya ulinzi ambayo siku moja ingeweza kuzaa ulinzi wa pamoja. Nchi ile ilikuwa imekaliwa na Ujerumani kuanzia 1940 hadi 1945. Ujerumani mbili zilikuwa zimeungana tena Oktoba 1990, miezi 20 tu kabla ya kura. Mzee wa Jutland kusini, eneo linalopakana na Ujerumani, hakuhitaji profesa wa kumweleza jirani yake ni nani.

Ya ustawi wa jamii ilikuwa ya wanawake zaidi. Wengi wao walifanya kazi katika sekta ya umma au walitegemea huduma zake, chekechea na matunzo ya wazee, vyote vikilipiwa na kodi kubwa. Walijiuliza kama mfumo huo utabaki iwapo vipimo vya bajeti vitapangwa Brussels. Wanawake walielemea Hapana kuliko wanaume.

Na ya sarafu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kabla hata ya Hapana, Denmark ilikuwa imejichongea mlango wa nyuma. Itifaki iliyoambatishwa kwenye mkataba ilisema nchi hiyo ingeweza kuuliza wananchi wake tena kabla ya kuingia katika sarafu ya pamoja. Uingereza nayo ilikuwa na wake.

Kulikuwa na itifaki nyingine ambayo mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ilikuwa ya sentensi moja, ikisema kwamba licha ya mkataba wote huu mkubwa, Denmark inaweza kuendelea na sheria yake kuhusu ununuzi wa nyumba za pili. Maana yake: Wajerumani wasije wakanunua nyumba zote za likizo kwenye fukwe za Jutland. Msomaji wa pwani yetu, aliyeona viwanja vya ufukweni vikipanda bei hadi mwenyeji akabaki kuwa mlinzi wa geti, hatapata shida kuielewa sentensi ile. Wanadiplomasia wa nchi 12 walikaa wakajadili hatima ya bara, na mmoja wao akahakikisha vibanda vya majira ya joto viko salama. Mamlaka ya nchi, ukiyafuata hadi chini, mara nyingi hukomea kwenye kiwanja.

Mwanzoni mwa Mei ikaja zawadi kwa kambi ya Hapana kutoka nje. Gazeti la Uingereza la Sunday Telegraph lilichapisha habari kwamba Jacques Delors, rais wa Kamisheni ya Ulaya, alikuwa na mpango wa kujiongezea madaraka na kupunguza nguvu za nchi moja moja kupinga maamuzi. Nchini Denmark habari hiyo ikashikwa kama ushahidi mkononi. Mwandishi wake alikuwa kijana mwenye nywele zilizovurugika aitwaye Boris Johnson, ambaye baadaye alijigamba kwamba makala ile ilichangia matokeo. Sidhani kama ilichangia kwa kiasi anachodhani yeye, lakini miaka 24 baadaye alikuja kuongoza kampeni ya kura nyingine, ya nchi yake mwenyewe kujitoa Umoja wa Ulaya.

Tarehe 2 Juni

Waliojitokeza walikuwa asilimia 83.1. Hapana ilipata asilimia 50.7, Ndiyo 49.3. Tofauti ya kura haikufika 50,000 katika nchi ya watu milioni 5 na kidogo. Sharti la asilimia 30 lilivukwa kwa mbali. Wapiga kura wengi wa Social Democrats walikuwa wamewaacha viongozi wao wakisema Ndiyo peke yao.

Kisheria, mkataba ulikuwa umekufa. Ulihitaji kuridhiwa na nchi zote 12, na mmoja alikuwa amekataa. Kesho yake Rais François Mitterrand akatangaza kwamba Ufaransa nayo itapiga kura ya maoni. Mjini London, serikali ya John Major ikasimamisha mjadala wa muswada wake bungeni. Tarehe 4 Juni mawaziri wa mambo ya nje walikutana Oslo, walikokuwa kwa mkutano wa NATO, wakatoa jibu lao: wengine wataendelea kuridhia, mkataba hautajadiliwa upya, na mlango wa Denmark uko wazi.

Soma jibu lile taratibu. Mlango uko wazi wa kuingia. Hakuna aliyesema kwamba Denmark ndiyo iliyoufunga. Watu wasiozidi asilimia 2 ya Jumuiya walikuwa wametumia haki yao waliyopewa na mkataba, na jibu la wakubwa likawa kwamba tatizo ni lao wenyewe, watalitatua wakirudi nyumbani. Kuanzia siku ile suala halikuwa tena Maastricht ina nini ndani. Lilikuwa kama Hapana ya nchi ndogo ni jibu au ni kosa la kusahihishwa.

Katikati ya mfadhaiko huo ukaja mpira. Yugoslavia ilikuwa imeondolewa kwenye mashindano ya Ulaya nchini Sweden kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na Denmark, iliyokuwa imeshindwa kufuzu, ikaitwa kujaza nafasi siku chache kabla ya filimbi ya kwanza. Wakaitoa Uholanzi kwa penalti, nchi ya Maastricht yenyewe. Tarehe 26 Juni, mjini Gothenburg, wakaifunga Ujerumani 2–0 kwenye fainali. Siku hiyohiyo viongozi wa Jumuiya walikuwa Lisbon, na Ellemann-Jensen akaingia na skafu ya mashabiki shingoni, akautangazia ulimwengu kwamba ukishindwa kujiunga nao, wafunge. Kwa waziri aliyekuwa amepoteza kura muhimu kuliko zote maishani mwake, ule ulikuwa ujasiri wa kupigiwa makofi. Utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani: nchi ile, kwa wiki kadhaa, ilitembea kifua mbele.

Septemba ilikuwa mbaya kwa wenzao. Tarehe 16 paundi ya Uingereza ilishindwa kuhimili mfumo wa viwango vya kubadilishia fedha vya Ulaya ikatoka, na tarehe 20 Wafaransa walisema Ndiyo kwa asilimia 51 tu. Ghafla Denmark haikuonekana tena kama mtoto mkaidi peke yake darasani.

Dawa ya Edinburgh

Hapa ndipo wanasiasa wa Denmark walipofanya kazi ambayo mimi, pamoja na mashaka yangu, naiheshimu. Badala ya serikali kujifungia, mapatano yalianzia upinzani. SF ya Holger K. Nielsen, iliyokuwa imepiga kampeni ya Hapana na kushinda, ilikaa na Social Democrats na chama cha Radikale, wakaandika orodha ya kile walichodhani wapiga kura walikataa. Oktoba 1992 vyama saba kati ya vinane vya bungeni vikaukubali waraka huo, ukaitwa mapatano ya kitaifa. Chama cha Maendeleo pekee kilibaki nje. Schlüter, kiongozi wa serikali isiyo na wingi bungeni, ilimbidi abebe mezani kwa wenzake karatasi iliyoandikwa na wapinzani wake.

Orodha ilikuwa na mambo manne ambayo Denmark haitashiriki: sarafu ya pamoja, ulinzi wa pamoja, uraia wa Umoja, na ushirikiano wa mambo ya sheria na polisi pale utakapoendeshwa kwa maamuzi ya vyombo vilivyo juu ya mataifa. Katika mkutano wa Edinburgh, tarehe 11 na 12 Desemba, viongozi wote 12 waliyakubali.

Kazi ya wanasheria ilikuwa ya ufundi mkubwa. Mkataba ukibadilishwa hata nukta, nchi zilizokwisha kuridhia zingelazimika kuanza upya. Kwa hiyo hawakuugusa. Waliandika Uamuzi wa wakuu wa nchi, wenye nguvu ya sheria ya kimataifa, unaoeleza jinsi mkataba utakavyoihusu Denmark. Nchi 11 zikawaambia watu wao kwamba hakuna kilichobadilika. Serikali ya Denmark ikawaambia wake kwamba kimebadilika cha kutosha. Wote walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana kila upande ulihisi kuna janja. Ufundi huohuo ulitumika baadaye kwa Ireland mwaka 2009 na katika makubaliano ya Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, ya Februari 2016.

Schlüter mwenyewe hakulifikisha jambo mwisho. Januari 1993 alijiuzulu kwa kashfa ya namna serikali yake ilivyochelewesha ruhusa ya familia za wakimbizi wa Kitamili kutoka Sri Lanka, na Poul Nyrup Rasmussen wa Social Democrats akashika nafasi. Tarehe 18 Mei 1993 wananchi wakaitwa tena. Safari hii walijitokeza asilimia 86.5, na Ndiyo ikapata asilimia 56.7.

Usiku huo mtaa wa Nørrebro, Copenhagen, uliwaka. Vijana waliokasirishwa na matokeo waliweka vizuizi na kurusha mawe. Polisi walizidiwa, wakafyatua risasi 113. Watu wasiopungua 11 walijeruhiwa. Katika nchi inayojulikana kwa baiskeli na mikate, jambo hilo lilikuwa pigo ambalo tume za uchunguzi zilihangaika nalo miaka mingi.

Je, ilikuwa halali kuuliza mara ya pili? Nimelipindua swali hili mara nyingi. Anayesema walipigishwa kura hadi wakajibu vizuri ana hoja, maana hakuna anayeitisha kura ya pili baada ya Ndiyo. Lakini karatasi ya 1993 haikuwa ileile. Mwaka 1992 Ndiyo ilibeba Maastricht yote. 1993 ilibeba Maastricht iliyokatwa vipande vinne. Wapiga kura wengi wa SF, chama kilichotunga mapatano, walibaki na Hapana yao vilevile; hawakununuliwa. Waliohama walikuwa hasa wa Social Democrats, ambao sasa chama chao kilikuwa madarakani na masharti mkononi. Linganisha na Ufaransa na Uholanzi, zilizokataa katiba ya Ulaya mwaka 2005 kwa asilimia 54.7 na 61.5, kisha sehemu kubwa ya yaliyomo ikarudi ndani ya Mkataba wa Lisbon na kupitishwa bungeni bila wananchi kuulizwa. Mimi nikipewa kuchagua kati ya kuulizwa mara mbili na kutoulizwa tena, nitapanga foleni mara mbili.

Masharti yenye wenyewe

Viongozi waliosaini Edinburgh walidhani masharti manne yalikuwa bandeji, ya kuvuliwa kidonda kikipona. Yaligeuka kuwa mali ya wapiga kura. Kila serikali iliyotaka kuyaondoa ilibidi irudi kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa wagumu.

Tarehe 28 Septemba 2000 Nyrup aliuliza kuhusu euro. Waajiri, mabenki na vyama vikubwa vikawa tena upande mmoja. Asilimia 53.2 wakasema Hapana. Tarehe 3 Desemba 2015 ikaulizwa kuhusu sheria na polisi, serikali ikitaka kuchagua yenyewe, kama mtu sokoni, sheria zipi za Ulaya ijiunge nazo. Wapiga kura hawakutaka kuwakabidhi wabunge kikapu, asilimia 53.1 wakakataa. Matokeo yake Denmark ikapoteza uanachama kamili wa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ikalazimika kutafuta makubaliano ya pembeni ambayo yalianza kutumika 2017. Sharti la uraia peke yake lilikufa kifo cha kawaida: Mkataba wa Amsterdam wa 1997 ulieleza kwamba uraia wa Umoja unaongezea ule wa taifa, hauuondoi, basi hofu ikakosa pa kukaa.

Lakini tuitazame krone, sarafu ya Denmark, kwa sababu hapo ndipo neno mamlaka linapovuliwa nguo. Denmark ilikataa euro, na sarafu yake bado ina picha za taji. Hata hivyo tangu 1982 sera yake ni kiwango kisichobadilika, kwanza dhidi ya maki ya Ujerumani, sasa dhidi ya euro, kikizunguka kroner 7.46 kwa euro moja, na ruhusa ya kucheza kwa asilimia 2.25 tu juu au chini. Benki Kuu ya Ulaya ikipandisha riba Frankfurt, benki kuu ya Copenhagen kwa kawaida hufuata mara moja. Kwenye meza inayoamua hiyo riba, Denmark haina kiti. Wakosoaji husema hiyo ni kulipa nauli na kusimama mlangoni. Wenye krone hujibu kwamba mlangoni ndipo pa kushukia. Nchi ambayo kesho ikitaka inaweza kukata kamba, hata kama haijaikata kwa miaka arobaini, si sawa na nchi isiyo na kamba ya kukata. Wagiriki, walipobanwa na madeni ndani ya euro, waliijua tofauti hiyo baada ya 2010. Hapo nawaelewa wenye krone zaidi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kusoma kisa hiki.

Jambo hili halikubaki Ulaya. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, imechukua mfumo wa vipimo ulioasisiwa Maastricht: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, kama kule, na deni lisizidi asilimia 50, pale Maastricht iliposema 60. Mwaka wa lengo ulikuwa 2024. Umesogezwa hadi 2031. Tuliazima vipimo. Kifungu cha 20 hatukukiazima.

Huko Denmark kwenyewe kuna raia waliokwenda mahakamani wakidai kwamba kuridhia Maastricht kulivunja Katiba. Kesi ilimhusu Waziri Mkuu mwenyewe, na tarehe 6 Aprili 1998 Mahakama ya Juu iliwaangusha. Lakini katika hukumu hiyohiyo majaji waliacha kisu mezani: chombo cha Ulaya kikivuka mamlaka kilichokabidhiwa, mahakama za Denmark zinaweza kutamka kwamba kitendo hicho hakitumiki nchini.

Sharti la ulinzi lilidumu hadi Urusi ilipoivamia Ukraine, Februari 2022. Siku kumi na kidogo baadaye Waziri Mkuu Mette Frederiksen alitangaza kura ya maoni. Serikali ikaandika swali la karatasi ya kura: je, unakubali au unakataa Denmark iweze kushiriki katika ushirikiano wa Ulaya wa usalama na ulinzi? Kelele zikaanza. Mbona neno lenyewe halimo? Watu walikuwa wakiombwa kufuta sharti walilolipata 1993, na swali halikutaja sharti wala kufuta. Nani angekataa ushirikiano wa usalama mwezi ule, mizinga ikinguruma jirani na Kyiv?

Serikali ikarudi mezani. Karatasi iliyochapishwa ilikuwa na maneno ya ziada, kwamba ushirikiano huo utapatikana kwa kufuta sharti la ulinzi. Tarehe 1 Juni 2022, siku moja kabla Hapana ya kwanza haijatimiza miaka 30, asilimia 66.9 walilisoma swali likiwa kamili, wakajibu Ndiyo.